Charles Spurgeon: Alianza na mwanafunzi mmoja, akajenga kazi ya kuwanoa wachungaji

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei ya mbolea, mikopo ya pembejeo na soko la mazao. Leo tuitazame biashara ya aina nyingine, ambayo bidhaa yake haipimwi kwa kilo wala haifungwi kwenye gunia. Ni kazi ya kuwalea na kuwanoa viongozi, hasa viongozi wa makanisa.

Siku hizi wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanakaa na wachungaji na wazee wa kanisa, wanawasikiliza, wanawasahihisha na kuwafundisha namna ya kusimamia watu na fedha. Kazi ni nzuri, lakini ina tatizo ambalo mchumi yeyote ataliona mapema. Mwenye shida kubwa ya huduma hiyo ndiye asiye na fedha ya kuilipia. Mchungaji wa kijijini anategemea sadaka, na sadaka inategemea mavuno. Mvua ikikata, kikapu cha sadaka nacho kinakauka. Mahitaji yapo tele, uwezo wa kununua haupo. Sasa atakayetaka kuifanya kazi hii kwa miaka mingi atakula nini, na atawafundisha wenzake kwa mtaji upi?

Swali hilo alikutana nalo Mwingereza mmoja zaidi ya miaka 160 iliyopita. Jina lake ni Charles Haddon Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti. Wengi wanamjua kwa mahubiri yake. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mpangaji hodari wa mambo ya fedha, na kwamba maisha yake yana mafunzo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, awe wa dini yoyote.

Mtoto wa mashambani

Spurgeon alizaliwa Juni 19, 1834 katika kijiji cha Kelvedon, jimbo la Essex, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri, na babu yake vilevile. Sehemu ya utoto wake aliishi kwa babu na bibi huko Stambourne, kijiji cha wakulima. Huko alikuwa akitembea shambani nyuma ya plau pamoja na mlimaji mmoja, Will Richardson, akisikiliza maneno yake ya busara. Mazungumzo hayo yalikuja kumfaa sana ukubwani, kama tutakavyoona.

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho alikisimulia mwenyewe baadaye. Siku moja alihitaji kalamu ya kuandikia kwenye kibao cha shule, na mfukoni hakuwa na kitu. Akaingia kwenye duka la mama mmoja akachukua kalamu hiyo kwa mkopo. Deni lilikuwa dogo mno, robo ya peni tu. Baba yake alipopata habari alimkaripia vikali, akamsindikiza hadi dukani kulipa. Mtoto alitembea njia nzima akilia kwa aibu. Tangu siku hiyo aliliogopa deni kama watu wanavyoliogopa joka, na woga huo uliongoza mipango yake yote ya fedha.

Mwaka 1850, akiwa na miaka 15, aliokoka katika kanisa dogo la mjini Colchester siku ya theluji nyingi. Mwaka uliofuata alikuwa mchungaji wa Waterbeach, kijiji kilicho karibu na Cambridge. Mwaka 1854, akiwa bado na miaka 19, aliitwa London kuliongoza kanisa la New Park Street. Kanisa hilo lilikuwa na jina kubwa lakini waumini walikuwa wamebaki wachache. Haukupita muda mrefu jengo likawa halitoshi, watu wakajaa hadi nje.

Hakuwahi kusoma chuo cha uchungaji. Hilo ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu mtu huyu asiye na cheti ndiye aliyekuja kuwafundisha mamia ya wachungaji.

Mwanafunzi wa kwanza

Miongoni mwa vijana waliovutwa na mahubiri yake alikuwepo Thomas Medhurst, aliyekuwa akijifunza kazi ya kutengeneza kamba. Medhurst alianza kuhubiri mitaani na watu wakamsikiliza. Lakini elimu yake ilikuwa ndogo na lugha yake ilikuwa na makosa mengi, hata baadhi ya waumini wakalalamika kwa Spurgeon kwamba kijana huyo analiaibisha kanisa. Spurgeon alipomwita, alimkuta hayuko tayari kuacha kuhubiri. Akaona kwamba badala ya kumnyamazisha ni afadhali kumfundisha.

Mwaka 1855 alimpeleka kwa mchungaji mmoja akaishi naye na kusoma, gharama zote zikitoka mfukoni mwa Spurgeon. Mbali na hayo, kila wiki Medhurst alikuwa na saa kadhaa za kukaa na Spurgeon mwenyewe, ana kwa ana. Wakati huo Spurgeon alikuwa na miaka 21 tu. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa karibu wa rika moja.

Msomaji ataona jinsi kazi ilivyoanza. Hakukuwa na jengo, bango wala ofisi. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye shida inayojulikana, na mwingine aliyekuwa tayari kutoa muda na fedha zake. Medhurst alipopata kanisa la kuchunga huko Kingston, waumini wa kule walirudisha gharama alizozitoa Spurgeon kwa ajili yake. Spurgeon hakuzila. Alizitumia kumsomesha mwanafunzi wa pili. Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa watautambua mtindo huo mara moja: fedha iliyorejeshwa na mmoja inakuwa mtaji wa anayefuata.

Mwaka 1857 Spurgeon alipata msaidizi wa kudumu, mchungaji George Rogers, aliyewafundisha vijana nyumbani kwake. Rogers hakuwa Mbaptisti, na katika suala la ubatizo wa watoto wachanga alitofautiana na mwajiri wake. Spurgeon hakujali. Alihitaji mwalimu mwenye uwezo na mwenye subira, na Rogers alikuwa hivyo. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chuo cha Wachungaji, ambacho kuanzishwa kwake huhesabiwa kuwa mwaka 1856.

Mtaji ulitoka wapi?

Hapa ndipo penye somo la uchumi. Wanafunzi wengi walikuwa maskini, na Spurgeon hakutaka mtu mwenye kipaji akose mafunzo kwa kukosa ada. Asiyekuwa na uwezo alisomeshwa bure, na wengine walipewa hata nguo na chakula. Kwa hiyo yule aliyepata huduma hakuwa yule aliyeilipia.

Chanzo kikuu cha fedha mwanzoni kilikuwa kalamu yake. Kuanzia mwaka 1855 mahubiri yake yalichapishwa kila wiki na kuuzwa kwa peni moja. Wakati huo pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo bei hiyo ilikuwa ya mtu wa kawaida kabisa. Mauzo yalipanda hadi takriban nakala 25,000 kwa wiki. Piga hesabu: nakala hizo kwa peni moja moja zinakaribia pauni 104 kila wiki, kabla ya kutoa gharama za karatasi, uchapaji na faida ya wauzaji. Bidhaa ilikuwa ya bei ndogo, lakini iliuzwa kwa wingi na kwa ratiba isiyokatika. Mama anayeuza maandazi kila asubuhi mahali palepale anaielewa hesabu hiyo kuliko wahitimu wengi wa chuo kikuu.

Mahubiri hayo yaliuzwa pia kwa wingi Marekani, na kipato kutoka huko kilibeba sehemu kubwa ya gharama za chuo. Ndipo likaja jaribu kubwa.

Marekani ya wakati ule ilikuwa bado na utumwa. Ilibainika kwamba katika matoleo ya huko, maneno ya Spurgeon ya kupinga utumwa yalikuwa yakiachwa. Wapo waliodhani ameamua kukaa kimya ili asipoteze wateja. Mwaka 1860 alijitokeza wazi na kuandika kwamba utumwa ni dhambi na uhalifu, na kwamba hawezi kushiriki meza ya Bwana na mwenye kumiliki watumwa. Katika majimbo ya kusini vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Mauzo ya Marekani yakaporomoka, na fedha za chuo zikaporomoka nayo.

Mfanyabiashara anajua uzito wa uamuzi huo. Kunyamaza kungelinda mapato na wanafunzi wangeendelea kusoma. Spurgeon alichagua kupoteza soko. Alifikia hatua ya kutaka kuuza farasi na gari lake, ambavyo alivihitaji kwa safari zake za kuhubiri, ili chuo kisifungwe. Rogers alimzuia.

Kilichookoa chuo ni kubadili mpango wa mapato. Badala ya kutegemea mfuko wa mtu mmoja na soko moja la mbali, kanisa lenyewe lilikichukua chuo kama mtoto wake. Mchango wa chuo ukawa unatolewa kila wiki, kidogo kidogo, na maelfu ya waumini. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1861 kanisa lilihamia jengo jipya, Metropolitan Tabernacle, lenye nafasi ya watu wapatao 6,000. Liligharimu zaidi ya pauni 31,000, na lilifunguliwa bila deni hata la peni moja. Bila shaka ile kalamu ya utotoni ilikuwa bado inakumbukwa. Chuo nacho kikahamia katika vyumba vya jengo hilo.

Mafunzo yalivyoendeshwa

Spurgeon hakupokea kila aliyeomba. Alitaka mtu aliyekwisha kuhubiri kwa muda, kwa kawaida miaka 2 hivi, na ambaye kazi yake imeonekana kuzaa matunda. Hakudai kuwa chuo kinaweza kumtengeneza mhubiri. Alitaka kumnoa yule ambaye tayari ni mhubiri. Mkulima anajua kwamba mbolea hukuza mche uliokwisha kuota, lakini haioteshi mbegu iliyokufa.

Hakujenga mabweni. Wanafunzi walipangwa wawili au watatu katika nyumba za waumini. Hilo lilipunguza gharama, na pia liliwazuia vijana kuishi kama watu waliotengwa na jamii. Mchungaji anayekula na familia ya fundi au ya muuza duka anajua bei ya mkate na shida ya kodi. Masomo kwa kawaida yalichukua miaka 2, na yaligusa hesabu, sayansi na lugha pamoja na Biblia. Jioni kulikuwa na madarasa ya bure kwa vijana wanaofanya kazi mchana.

Ijumaa alasiri ilikuwa siku ya Spurgeon mwenyewe. Vijana walikuwa wamechoka na wiki nzima ya masomo, naye alizungumza nao kama kaka mkubwa. Hakuwapa nadharia ngumu. Aliwafundisha namna ya kutumia sauti bila kuiharibu, namna ya kusimama na kutumia mikono, namna ya kuhubiri nje penye kelele, na namna ya kuendelea na kazi wakati moyo umevunjika. Alikuwa pia akimpa mwanafunzi mada papo hapo na kumtaka aizungumzie bila maandalizi, kisha wenzake wakamkosoa.

Juu ya moyo kuvunjika alizungumza kwa uzoefu. Oktoba 1856, alipokuwa akihubiri kwenye ukumbi wa Surrey Gardens uliofurika watu, mtu fulani alipiga kelele za uongo kwamba kuna moto. Watu wakakanyagana na 7 wakafa. Spurgeon alikuwa na miaka 22, na watoto wake mapacha walikuwa na mwezi mmoja tu. Jeraha hilo halikupona kabisa, na katika maisha yake yote alipatwa na vipindi vya huzuni nzito. Hakuwaficha wanafunzi wake. Aliwaeleza kwamba kiongozi naye huugua moyo, na kwamba mapumziko ni sehemu ya kazi.

Baada ya masomo mwanafunzi hakuachwa peke yake. Kuanzia mwaka 1865 wahitimu walikutana London kila mwaka. Ulikuwepo pia mfuko wa mikopo isiyo na riba kwa ajili ya kujenga makanisa. Kanisa changa lilikopa, likajenga, likarejesha kwa awamu, na fedha hizo zikakopeshwa kwingine.

Mmoja wa waliosoma hapo miaka ya 1870 ni Thomas Johnson, aliyezaliwa mtumwa Virginia, Marekani, mwaka 1836. Mwaka 1878 alikwenda Kamerun kama mmisionari pamoja na mkewe, Henrietta, ambaye alifia huko mwaka uliofuata. Chuo kilichopoteza soko kwa sababu ya kupinga utumwa kilimsomesha mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Hesabu za namna hiyo haziingii kwenye daftari la mapato.

Mkulima John na sarafu za mama Spurgeon

Spurgeon alipanua kazi yake kwa njia ambazo mchuuzi atazifurahia. Mwaka 1866 kilianzishwa chama cha wachuuzi wa vitabu, waliotembea kijiji kwa kijiji wakiuza Biblia na vitabu vya bei nafuu nyumba kwa nyumba. Wenyeji wa eneo walichangia sehemu ya malipo ya mchuuzi wao, kwa hiyo alikwenda mahali alipohitajiwa kweli.

Katika jarida aliloanzisha mwaka 1865 aliandika pia mashauri kwa jina la John, mlimaji wa plau. Ndani yake mna maneno ya Will Richardson wa Stambourne. John anawasema wavivu, walevi, wenye kupenda mikopo ya ovyo na wenye kuahidi wasichoweza. Mashauri hayo yalipotolewa kama kitabu yaliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Msomi aliyeandika kwa lugha ya shambani alipata wasomaji wengi. Sisi wataalamu wa kilimo tuna la kujifunza hapo.

Mkewe, Susannah, naye alikuwa na mradi wake. Mwaka 1875 yalipochapwa mafundisho ya Ijumaa kama kitabu, alitamani kila mchungaji wa Uingereza awe nacho. Mumewe akamuuliza atachangia kiasi gani. Mama huyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa na nadra kutoka nyumbani, alikwenda chumbani kwake. Alikuwa amezoea kuweka kando kila sarafu ya shilingi 5 iliyopita mkononi mwake. Alipozihesabu, zilitosha nakala 100. Nakala hizo zikagawiwa bure kwa wachungaji maskini, michango ikaanza kuingia, na hadi alipofariki mwaka 1903 mfuko wake ulikuwa umegawa vitabu vipatavyo 200,000. Chanzo ni akiba ya nyumbani isiyoguswa.

Mwisho mgumu

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka. Mwaka 1887 Spurgeon alijitoa katika Umoja wa Wabaptisti, akiamini kwamba baadhi ya wenzake wameacha misingi ya imani. Mgogoro huo ulimuumiza kuliko matusi yote ya magazeti, kwa sababu miongoni mwa waliompinga walikuwamo wahitimu wa chuo chake, watu aliowalisha na kuwavisha. Mwaka 1888 mkutano wa wahitimu ulilazimika kuundwa upya. Anayewalea viongozi ajiandae kwa hilo. Ukimfundisha mtu kufikiri, siku moja atafikiri tofauti nawe.

Afya yake nayo ilikuwa imechakaa kwa ugonjwa wa jongo na figo. Alifariki Januari 31, 1892 huko Menton, kusini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 57. Wakati huo karibu watu 900 walikuwa wamepita chuoni.

Chuo kiliendelea bila yeye. Kilichukua jina lake, na mwaka 1923 kikahamia South Norwood, kusini mwa London. Kilipita vita kuu mbili na misukosuko mingi ya uchumi. Hata hivyo, Julai 2025 kilitangaza kufungwa kwa sababu ya matatizo ya fedha, baada ya miaka 169. Taasisi iliyoanzishwa na mtu aliyeogopa deni la robo peni iliangushwa na hesabu.

Tunaondoka na nini?

Kwa maoni yangu, habari hiyo ya mwisho haimfuti Spurgeon. Inatukumbusha kwamba mapato ni kama rutuba ya shamba: aliyeirithi jana lazima airudishie leo. Chuo kilinusurika mwaka 1860 kwa sababu mwenye nacho alikubali haraka kwamba chanzo kimoja hakitoshi, akagawa mzigo kwa watu wengi wenye uwezo mdogo.

Kwa anayetaka kuanza kazi ya kuwanoa viongozi, au huduma yoyote ambayo mteja wake ni maskini, mambo ni manne. Anza na mtu mmoja mwenye shida unayoijua. Tafuta bidhaa ndogo inayouzika kila wiki ili ibebe ile isiyouzika. Fanya kinachorejeshwa kiwe mtaji wa anayefuata. Na jua mapema ni soko lipi uko tayari kulipoteza ili usipoteze neno lako.

Hilo la nne ndilo gumu, na hakuna benki inayolikopesha. Mengine yote yaliwezekana kwa peni moja moja.